Lenzi Kubwa za Kamera: Namna ya Kuzifunga Safarini, na Nani Alipe Zikivunjika



Huenda wengine mtashangaa kuona habari za lenzi za kamera katika kurasa hizi, ambamo mmezoea kusoma habari za bei ya majani mabichi, mizani ya kupimia na mikataba ya viwandani. Hata sisi tulishangaa wakati jambo hili lilipoletwa mbele ya kamati ya tawi. Lakini tukasikiliza, na tulipokwisha kusikiliza tuliona kwamba ni habari yetu kabisa.

Kama mjuavyo, chai imepandwa mpaka ukingoni mwa msitu wa Bwindi, huku kusini magharibi ya Uganda. Anayechuma chai huyaona mawingu yakitoka msituni kila asubuhi. Tangu mwaka 1993, watalii walipoanza kupelekwa Buhoma kuwaona gorila, vijana wetu wamekuwa na kazi ya pili. Majani yakipungua wakati wa kiangazi, wanakwenda Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo kubeba mabegi ya wageni. Wengine wameacha shamba moja kwa moja wakawa madereva. Wengine wanapakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Kadi zao nyingi bado ni za chama chetu, na hata wasingekuwa na kadi, ni watoto wetu.

Malalamiko yaliyoletwa yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu binti wa mchuma chai mmoja, mpagazi. Aliteleza kwenye mteremko wa matope akiwa na begi la mgeni mgongoni. Mwenyewe alitueleza hivi: alipojua kwamba anaanguka, alijigeuza ili begi liwe juu na yeye awe chini. Lenzi ikapona na kifundo cha mkono wake kikavunjika. La pili lilihusu dereva wa kampuni moja ya utalii, ambaye alikatwa mshahara miezi minne mfululizo kwa sababu lenzi ya mgeni ilikutwa imepinda shingo baada ya safari. Tulimwuliza kama aliidondosha. Akasema hapana, hata kuigusa hakuigusa.

Basi tukaona tujifunze kitu hiki ni nini, kinavunjikaje, na kinafungwaje ili kisivunjike. Tuliwauliza madereva wa miaka mingi, wapagazi, fundi mmoja wa kamera mjini Kampala, na wapiga picha wawili waliokuwa tayari kutufungulia mabegi yao mezani. Sisi tuliishia shule ya msingi, na tumeyaandika haya kama tulivyoyaelewa na kuyashika kwa mikono yetu.

KITU CHENYEWE

Lenzi ndefu ya kupigia picha ndege na wanyama walio mbali ni bomba lenye vioo ndani. Ile wanayoiita ya milimita 600, ya aina ile kubwa, ina urefu wa karibu nusu mita, na kioo chake cha mbele kina upana wa sentimita 15, kama sahani ndogo. Ndani kuna vioo zaidi ya 15, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Za zamani kidogo zina uzito unaofika kilo 5; za siku hizi zimepunguzwa mpaka kilo 3 hivi. Mpya inauzwa kwa dola 12,000 za Marekani na zaidi. Mchuma chai hapa kwetu hapati fedha hizo hata akichuma miaka kadhaa bila kula.

Msidhani kwamba kinachovunjika sana ni kile kioo cha mbele. Sisi tulidhani hivyo. Fundi wa Kampala alitucheka kidogo, kisha akatuonyesha lenzi iliyokuwa mezani kwake: vioo vyake vyote vilikuwa safi kabisa, bila hata alama ya kucha, lakini picha zake zilikuwa na ukungu upande mmoja. Kioo kimoja cha ndani kilikuwa kimesogea kiasi kidogo kuliko unene wa karatasi. Kila kioo lazima kikae katikati kamili. Pigo moja likikisogeza, lenzi nzima imekwisha kazi mpaka ipelekwe kwa fundi mwenye mashine za kuipimia, na mashine hizo ziko mbali.

Mahali pa pili ni shingoni, pale penye pete ya chuma ambapo lenzi hufungwa kwenye kamera. Fikirini jembe lenye mpini mrefu. Ukilibana jembe na kuusukuma mpini kwa ncha, nguvu yote hukutana pale jembe na mpini vinaposhikana. Lenzi ndefu ikilazwa begini huku kamera bado imening'inia nyuma yake, kila tuta la barabara huisukuma ile kamera, na nguvu yote hufika kwenye pete yenye skrubu chache ndogo. Hapo ndipo shingo inapopinda. Hilo ndilo lililompata dereva wetu. Mgeni alikataa kuitenganisha lenzi na kamera kwa kuogopa kuchelewa simba akitokea. Akailaza nyuma ya gari, juu ya gurudumu la akiba, na gari likatoka Ishasha kuja Bwindi kwa barabara ya udongo yenye mawimbi madogo madogo. Barabara hiyo dereva hakuitengeneza yeye.

Jambo moja wapagazi walijue mapema, maana limewaletea baadhi yao lawama bure. Zipo lenzi ambazo ukizitikisa zikiwa zimezimwa utasikia kitu kikigonga ndani, kok, kok. Ni kile kioo kinachotuliza mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Umeme ukizimwa kinalegea. Si lazima iwe imevunjika. Mkisikia mlio huo, mwulizeni mwenye lenzi kabla safari haijaanza, mbele ya wenzenu.

KUIFUNGA

Mwenye kazi ya kufunga ni mwenye mali. Lakini mara nyingi mgeni amechoka, au ana haraka, na anamwambia dereva, "Tia humo." Kwa hiyo ni vizuri mfanyakazi ajue kazi iliyo sawa inafananaje, ili akiona isiyo sawa aseme.

Kwanza kamera itolewe. Kila kimoja kifungwe peke yake, na lenzi iwekewe vifuniko vyake viwili, wa mbele na wa nyuma. Ile kofia ya mbele, kile kikopo kirefu cha kuzuia jua, igeuzwe na kuvishwa kinyumenyume juu ya lenzi. Hivyo haichukui nafasi na inakuwa ngao ya pembeni. Kisha kuna mguu, kipande cha chuma kinachotokeza chini ya bomba ili lenzi ikae juu ya mkongojo wake wa miguu mitatu. Mguu huu usielekee ukuta wa sanduku. Sanduku likipigwa upande ule, mguu hupeleka pigo moja kwa moja ndani kama nyundo. Uelekezwe juu, ambako kuna sponji nyingi, au ufunguliwe kabisa kama unafunguka.

Ndani ya begi, kanuni ni ile ile ya trei ya mayai. Trei huokoa mayai kwa sababu kila yai lina shimo lake, halimgusi mwenzake, wala haligusi sakafu. Lenzi nayo iwe na shimo lake. Isicheze. Funga begi, liinue, litikise taratibu. Ukihisi kitu kinatembea ndani, hujamaliza kufunga. Na chaja, betri, visu na chupa za maji visikae chumba kimoja nayo. Tuliona begi zuri la bei kubwa ambalo mwenyewe alikuwa ametia kopo la dawa ya mbu kando ya kioo.

Kuhusu sponji kuna kosa ambalo hata mafundi wetu wa masanduku hulifanya. Wanakata sponji laini ya godoro kwa sababu inaonekana ya kupendeza. Sponji hiyo, lenzi ya kilo 4 ikiwa juu yake, hulala yote mpaka chini, na gari likiruka lenzi hugonga ubao kama hakuna kitu. Inayotakiwa ni ile ngumu kidogo, yenye matundu yaliyofungwa, inayofanana na mikeka ya kulalia ya wapanda milima. Ikandamize kwa kidole gumba: irudi yenyewe, na kidole kisifike chini. Tena sponji huzeeka. Katika joto na unyevu wetu, baada ya miaka kadhaa hugeuka unga unaonata, na unga huo huingia kwenye kila mfereji wa lenzi. Ikianza kuacha unga mkononi, itupwe.

Sanduku gumu la plastiki lenye mpira kwenye kingo, lisilopitisha maji wala vumbi, ndilo bora kwa mzigo unaokwenda kupakiwa na watu wengine. Wengi wanalijua kwa jina la Pelican, au Peli, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1976. Ila wapakiaji wajue siri yake moja. Sanduku la namna hiyo likifungwa mahali pa juu, hewa iliyo ndani ni nyepesi. Likishushwa mahali pa chini, hewa ya nje hulibana, na kifuniko hakifunguki hata mkivuta watu wawili. Watu wamelitia nyundo na bisibisi. Hakuna haja. Mbele yake kuna vali ndogo. Za zamani huzungushwa kwa mkono, hewa ikaingia kwa sauti, na sanduku likafunguka. Nyingi za siku hizi zina vali inayofanya kazi yenyewe.

Asiye na sanduku la duka anaweza kutengenezewa la mbao na seremala, likatandikwa sponji ngumu pande zote sita. Pande sita, ndugu zetu, maana wengi husahau kifuniko.

UNYEVU

Hapa wafanyakazi wa kiwanda cha chai hawahitaji mwalimu. Mnajua kwamba chai iliyokauka vizuri hunywa unyevu wa hewani kama mtu mwenye kiu, ndiyo maana zamani masanduku yake ya mbao yalitandikwa karatasi ya bati ndani, na mifuko ya leo ina tabaka kadhaa. Adui wa lenzi ni yule yule. Lenzi iliyofungiwa gizani, mahali pa joto na unyevu, huota kuvu ndani. Kuvu hiyo inaonekana kama nyuzi za buibui, na ikikaa hula ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Baada ya hapo hata ukiisafisha, alama inabaki.

Kwa hiyo begi lililonyeshewa lisifungwe usiku kucha. Lifunguliwe chumbani, lenzi ipanguswe maji ya nje kwa kitambaa kikavu, ikae mahali penye hewa. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado na maji, kwani utakuwa umeufungia unyevu ndani pamoja nayo. Vile vifuko vidogo vyenye punje za kukausha, silika jeli, vinafaa sana katika sanduku lililofungwa vizuri. Punje zenye rangi hubadilika zikishiba maji. Zikipashwa moto taratibu hurudia rangi yake na kazi yake. Wapo wanaotumia mchele mkavu badala yake. Mchele una unga, na unga ni vumbi. Bora mpike.

Tena kuna ule ukungu wa ghafla. Mgeni anatoka katika gari lenye kipoza hewa, anaitoa lenzi ya baridi katika hewa ya joto, na mara moja kioo kinajaa umande kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Anapangusa, unarudi. Dawa yake ni subira: begi liachwe limefungwa nje kwa nusu saa au saa nzima mpaka joto lake lilingane na la hewa. Lenzi nyingine za namna hii zina kioo cha madini yanayoitwa fluoriti, ambayo kampuni ya Canon imeyatumia tangu mwaka 1969. Kinatoa picha safi, lakini ni chepesi kupasuka na hakipendi kutolewa kwenye baridi na kutiwa kwenye joto kwa ghafla. Ndiyo sababu moja lenzi zao kubwa zimepakwa rangi nyeupe, ili jua lisizichome.

Na tafadhali, mtu yeyote asipanguse kioo kwa shati. Vumbi letu jekundu ni mchanga mdogo sana, na mchanga hukwaruza. Lipulizwe kwanza kwa kale kampira ka kupulizia, kisha mwenyewe apanguse kwa kitambaa chake. Hata ukiombwa, mwambie afanye mwenyewe.

BARABARANI, MSITUNI, MAJINI

Dereva mmoja mzee, aliyeendesha wageni zaidi ya miaka 20, alituambia kwamba mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari ni nyuma kabisa, juu au nyuma ya ekseli. Huko ndiko gari linakorusha. Yeye huliweka begi kwenye kiti cha katikati, kati ya ekseli mbili, na kulifunga mkanda wa kiti kama abiria. Chini yake hutandika blanketi lililokunjwa mara nne. Kila jioni humkumbusha mgeni kuangalia skrubu za mguu wa lenzi, kwa sababu mtetemo wa barabara hulegeza skrubu pole pole. Wenye kusimamia mashine za kusaga majani wanalijua hilo: mtetemo hauvunji kitu kwa siku moja, hukifungua.

Msituni mambo ni mengine. Bwindi inaanzia mita 1,160 juu ya bahari na kufika mita 2,607, na njia nyingine huwa si njia, ni mizizi na matope tu. Lenzi, kamera, mkongojo wake, maji na chakula cha mgeni vikiwekwa pamoja, begi linakuwa zito, na uzito wote uko juu. Sisi huku tumezoea kubeba kichwani, na mama zetu wamebeba mikungu ya ndizi hivyo maisha yao yote. Lakini begi la lenzi lisiende kichwani katika mteremko. Livaliwe mgongoni, mikanda yote miwili, na mkanda wa kifuani ufungwe. Kilicho kizito kikae karibu na mgongo. Mikono ibaki huru, mmoja ushike fimbo. Na kabla ya kuondoka mpagazi amwulize mgeni kile kifuniko cha mvua kiko wapi. Mara nyingi kimefichwa katika mfuko mdogo chini ya begi, na mvua ya Bwindi haisubiri kitafutwe.

Tuseme na hili, ingawa halitawapendeza wote. Mara nyingi lenzi hiyo kubwa haina kazi mbele ya gorila. Mgeni anasimama kama mita 10 kutoka kwa mnyama mwenye kilo zaidi ya mia moja, chini ya miti yenye kiza, kwa muda wa saa moja. Kwa lenzi ya milimita 600 atapata pua tu. Waongozaji wanajua, na wapiga picha wazoefu wanajua, na huiacha hotelini na kuchukua ndogo. Kumwambia mgeni hivyo kwa adabu asubuhi, kabla ya kupanda, ni kumwokoa yeye na mgongo wa anayembebea. Lenzi ndefu ina mahali pake: ndege, na simba wa Ishasha juu ya mitini.

Mahali pake pengine ni kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, ambako watu huenda kwa mitumbwi kumtafuta korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Mtumbwi ni mwembamba na chini yake mna maji ya kutosha kuharibu kila kitu. Mpiga kasia mmoja ana desturi nzuri: begi halikai sakafuni, linakaa juu ya ubao, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kamba yake haifungwi mwilini mwa mtu. Mtumbwi ukipinduka, mtu asivutwe na mzigo.

KATIKA NDEGE

Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 tu za begi la mkononi. Lenzi moja na kamera mbili na begi lenyewe vimeshapita hapo. Mgeni akibishana kaunta akashindwa, lenzi hushuka kwa wapakiaji, mara nyingi katika begi laini ambalo halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye busara huja na sanduku gumu tangu nyumbani, au huweka lenzi mkononi na nguo zake ndizo zinashuka. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya moto. Zikae na abiria. Mashine ya kuangalia mabegi haiidhuru lenzi.

Katika ndege ndogo zinazotua Kihihi au Kisoro hesabu ni nyingine tena: kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, mzigo wote, tena katika begi laini, maana sanduku gumu haliingii vizuri katika tumbo la ndege ile. Hapo lenzi ifungwe kwa sponji ngumu ndani ya begi laini na isafiri miguuni mwa mwenyewe.

NANI ALIPE

Sasa tufike kwenye fedha. Mashirika makubwa ya ndege yalijilinda zamani. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo, shirika likiharibu mzigo wa abiria halilipi zaidi ya kiwango kilichowekwa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kiwango hicho ni vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani kama dola 2,000. Abiria akitaka zaidi, lazima atangaze thamani ya mzigo wake mapema na alipie. Tena asipolalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu apokee mzigo ulioharibika, madai yake yanaanguka.

Ikiwa shirika lenye ndege mia linalindwa namna hiyo, kwa nini dereva wa mshahara mdogo adaiwe dola zote?

Tuangalie kwa majirani. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara mpaka iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo; mwajiri ampe taarifa ya maandishi, ampe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inazungumzia hasara iliyoletwa kwa kusudi. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 nayo imetaja makato yanayoruhusiwa, kama vile kodi, ada ya chama, na pango ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Barua ya meneja inayosema "utakatwa mpaka iishe" haimo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba wapagazi na madereva washike desturi moja ambayo haigharimu hata shilingi. Asubuhi, begi lifunguliwe na mwenyewe mbele yako na mbele ya mwenzako. Mtazame pamoja: lenzi ni nzima, kamera imetolewa, vifuniko vipo. Akikataa kutoa kamera, sema kwa sauti, mwongozaji asikie. Begi lifungwe na mwenyewe. Jioni lifunguliwe tena vivyo hivyo, kabla hajaingia chumbani kwake. Lenzi ikikutwa imepinda baada ya chakula cha usiku, hiyo si habari yako. Makampuni nayo yamwulize mgeni, tangu anapolipa safari, kama lenzi zake zina bima.

Swali hilo la bima ndilo lililofungua shauri la dereva wetu. Tulipoketi na mwenye kampuni tulimwuliza mgeni yule alilipwa nini na kampuni yake ya bima. Hakujua. Aliandika barua kuuliza, na jibu likaja baada ya wiki mbili: bima ilikuwa imeshatengeneza lenzi, yote, tangu mwezi wa kwanza. Kampuni ilikuwa imempa mgeni punguzo kidogo la bei kama kumpoza, na punguzo hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta katika mshahara wa dereva. Makato yamesimamishwa kuanzia mwezi wa tano. Fedha za miezi minne bado tunazidai, na tarehe ya kikao kingine imekwisha kuandikwa.

La binti aliyevunjika mkono ni gumu zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini. Lakini mwajiri wake ni nani? Mgeni alimlipa ujira wa siku moja na akapanda ndege. Kikundi cha wapagazi kinasema kinagawa zamu tu. Kampuni iliyomleta mgeni inasema haimjui. Kamati imeandikia kikundi na kampuni ikiomba kila ujira wa mpagazi utengwe kidogo uwekwe katika mfuko wa ajali, na kampuni ichangie sawa na wapagazi. Kikundi kimekubali. Kampuni haijajibu.

Mkono umeunga, ingawa hauzunguki kama zamani, na jani la chai huchumwa kwa mikono miwili. Siku hizi hukaa penye kituo cha kuanzia safari asubuhi na kuwafundisha wapya namna ya kufunga mikanda. Tulimwuliza kama angejigeuza tena kuiokoa lenzi. Akatuuliza na yeye, siku ile nani angemwambia kwamba si lazima?